Pipa la Mkemia

Watu wengine wakipita mbele ya duka la dobi na kukuta suti zimerundikana hadi mlangoni, huona nguo chafu. Mkemia aliona riziki yake imening'inizwa kwenye henga.

Alisimama upande wa pili wa barabara, akainama kama anayefunga kamba za viatu, akatega sikio. Mwenye duka, mama mmoja mnene aitwaye Mama Mikunjo kwa jinsi alivyojua kuitia suruali mkunjo, alikuwa anamfokea mtu kwenye simu.

"Kila siku gari liko njiani! Njia gani hiyo isiyo na mwisho? Suti za watu zimelala hapa, bwana harusi kanipigia analia. Sasa nizifue kwa machozi yake?"

Mkemia akamaliza kufunga kamba ambazo hazikuwa zimefunguka. Alikuwa amesikia ya kutosha.

Mjue kwamba Mama Mikunjo hakuwa dobi wa sabuni na beseni. Alifua suti za sufu, na sufu ukiizungusha kwenye maji ya moto inasinyaa, ukamrudishia mzee wa watu suti ya mjukuu wake. Kwa hiyo yeye hakutumia maji. Alitumia yale mafuta meupe yatokanayo na mafuta ghafi, ambayo kila mtu mjini huyaita tapentaini, ingawa tapentaini yenyewe hasa hutoka kwenye mti. Fundi rangi huyatumia kulegeza rangi na kuoshea brashi. Dobi huyatumia kutoa grisi kwenye nguo bila kuilowesha kwa maji hata tone. Yakimwishia, ni sawa na mwokaji aliyeishiwa unga.

Na mjue pia kwamba Mkemia hakuwa mkemia. Aliwahi kuajiriwa kuosha chupa kwenye maabara fulani, akakaa humo muda wa kutosha kuondoka na maneno mengi na tabia ya kuangalia kila kimiminika dhidi ya mwanga. Mtaji wake mwingine ulikuwa suti. Suti yenyewe ya sufu, ya kijivu, imekaa mwilini utadhani alizaliwa nayo, vifungo vyeusi vyote isipokuwa kimoja cha kahawia alichokishona mwenyewe. Alikuwa anasema kile cha kahawia ni mtindo.

Kesho yake asubuhi alifika dukani ndani ya suti hiyo, na pipa juu ya mkokoteni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kama umeleta suti, iweke juu ya zile nyingine uende ukaombe dua."

"Sikuleta suti, mama. Nimeleta dawa ya suti."

Mama Mikunjo akaliangalia pipa, akamwangalia yeye, akaliangalia pipa tena. "Mafuta gani hayo?"

Hapo Mkemia akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Miwani ilikuwa na vioo vya kawaida tu, lakini kuifuta kulikuwa sehemu ya kazi.

"Mama, mafuta ghafi ni kama mzee mwenye watoto wengi. Wote damu moja, kaboni na haidrojeni, hakuna wa kambo. Sasa kule kiwandani wanampasha moto, watoto wanatoka mmoja mmoja. Mdogo ana haraka, anapanda juu kabisa ya mnara. Huyo ndiye petroli. Ukimpa kisogo keshapaa hewani, na ukiwasha kiberiti karibu naye, sisi tunakuja matangani. Kaka yao dizeli ni mzito, ukimtia kwenye koti la mtu hakauki mpaka mwakani. Wa mwisho lami, huyo hata mlangoni usimkaribishe."

"Na huyu wako?"

"Huyu wangu yuko katikati, baada ya petroli, jirani na mafuta ya taa. Hana haraka, hana uzito. Anaingia kwenye nguo, anachukua grisi, anaaga, anaondoka. Na ile jamaa yao ya harufu kali, inayoumiza kichwa, tumeipunguza. Mteja wako atavaa suti, hatanuka gereji."

Hapa lazima nimtendee haki: hakuna hata neno moja la uongo katika yote hayo. Nimewahi kuuliza kwa wanaojua, wakanithibitishia. Ndiyo maana alikuwa hatari. Maelezo yake yalikuwa safi, uchafu ulikuwa kwenye pipa.

Akafungua kifuniko, akachota kidogo kwa kikombe, akadondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Karatasi ikafanya giza pale lilipoangukia tone. Wakasubiri. Mama Mikunjo akajipepea kwa risiti za zamani. Kidogo kidogo lile giza likafifia, likatoweka, karatasi ikabaki nyeupe kama vile hakuna kilichopita.

"Haliachi hata alama," alisema Mkemia kwa sauti ya msibani. "Kama ingekuwa ya magendo, imechanganywa na dizeli, hapo pangebaki duara."

Mama Mikunjo akachovya kitambaa, akasugua kola ya suti iliyokuwa karibu. Grisi ikatoka. Akachovya ufito mpaka chini ya pipa, akauvuta, akaunusa. Ulinuka inavyotakiwa. Ndipo akauliza bei, akatajiwa nusu ya ile ya siku zote. Mtu mwingine angeuliza kwa nini. Yeye aliogopa kwamba akiuliza, itapanda. Akalipa palepale, akahesabu haraka haraka asije huyu kijana akapata akili.

Sasa ngoja niwaambie kilichokuwa ndani. Mafuta ya aina hii ni mepesi kuliko maji, tena hayachanganyiki nayo hata uyakoroge mpaka bega ling'oke. Ukivitia pamoja, maji yanashuka, mafuta yanapanda. Mkemia alikuwa amejaza pipa maji ya bomba, akaacha nafasi ya shibiri moja juu, na hiyo ndiyo akaijaza tapentaini halisi. Ukichota kikombe, unachota tapentaini. Ukichovya ufito, unapita kwenye tapentaini ukiingia na unapita tena ukitoka, kwa hiyo unanuka vizuri. Hesabu yake ilikuwa kwamba ukija kuyafikia maji, yeye atakuwa mtaa mwingine anaelezea watoto wa mzee mafuta ghafi.

Lakini safari hii hakuhama mtaa. Na sababu ilikuwa Mwalimu.

Mwalimu alikuwa dada mmoja anayefundisha watoto wadogo kusoma, mwenye maneno machache na jicho linalosubiri umalize kudanganya. Mkemia alimpenda. Nalisema hivi hivi bila kuremba, kwa sababu hata yeye lilimshangaza. Alikuwa akilala anamuwaza, akiamka anamuwaza, na lililomtesa ni kwamba kila alichomwambia tangu siku ya kwanza kilikuwa uongo, ila hilo la kumpenda. Alimwambia ana ofisi. Alimwambia ana maabara. Alimwambia kile kifungo cha kahawia ni mtindo.

Sasa Mwalimu alikuwa amesema, "Jumamosi uje umwone baba."

Baba yake alikuwa seremala, anaitwa Mzee Randa, na ilijulikana kwamba ameshawarudisha wachumba wawili. Mmoja kwa sababu alikaa kwenye kiti bila kukiangalia kimetengenezwaje. Wa pili kwa sababu alikuja na shati lililokosa pasi. "Mtu akija kuomba mtoto wangu hajajitazama kwenye kioo," alisema mzee, "huyo mtoto atamtazama saa ngapi?"

Basi Mkemia akaweka pembeni pesa ya pipa pamoja na akiba yake yote, ili anunue zawadi ya maana. Suti alikuwa nayo. Jumamosi ikija, imkute tayari.

Alhamisi alirudi nyumbani akakuta henga tupu.

Alikuwa anaishi kwa dada yake, mkubwa wake, muuguzi, mwanamke mwenye huruma ya kupita kiasi na haraka ya kuitekeleza. Akampigia simu kazini.

"Dada, suti yangu iko wapi?"

"Mdogo wangu, nilitaka iwe siri!" Dada alikuwa anacheka kwa furaha. "Ilikuwa na doa la mafuta kwenye kiwiko, sijui uliegemea nini. Nikasema mdogo wangu haendi ukweni na doa. Nimeipeleka kwa yule Mama Mikunjo, na nimeshalipa. Ameniambia kapata mafuta mapya, mazuri hajapata kuona!"

Mkemia akakaa kitandani. Akaliona pipa lake. Akaona shibiri ya tapentaini na maji yote yaliyo chini yake, na suti yake ya sufu inazungushwa humo. Akajiona mbele ya Mzee Randa, mikono ya koti imeishia kwenye viwiko.

Sijui alifikaje dukani. Alifika jasho linamtoka, shati limetoka nje.

Mama Mikunjo alikuwa anapiga pasi, hana wasiwasi na dunia. "Aa, mtaalamu! Karibu. Mafuta yako nimeyasifia kwa watu mpaka koo limekauka."

"Ahsante mama. Mama, kuna suti ya kijivu ililetwa leo asubuhi. Ina kifungo cha kahawia."

"Ipo. Inasubiri zamu."

"Imeshaingia kwenye mafuta?"

"Bado kidogo tu."

"Basi nipe niende nayo. Ni yangu."

Mama Mikunjo akaweka pasi chini taratibu. "Mwanangu, humu nguo anapewa aliyeileta. Aliyeileta ni dada mmoja muuguzi, na kalipia. Mlete yeye."

"Ni dada yangu! Yuko zamu mpaka usiku. Nipe hivyo hivyo chafu, mimi napenda doa lake."

"Unapenda doa?"

"Nimelizoea."

Mama Mikunjo akamtazama kwa upole mwingi. "Nisikilize. Mtu kalipa suti isafishwe, mimi naitoa chafu? Jina langu nitaliweka wapi? Itaingia sasa hivi kwenye mafuta yako mwenyewe. Ulisema yanaingia, yanachukua grisi, yanaaga, yanaondoka."

Kuna adhabu chache duniani zinazofanana na ile ya mtu kusomewa maneno yake mwenyewe vizuri, bila kosa. Mkemia akashika meza.

"Mama, ndicho hasa kilichonileta. Kiwandani wamepiga simu. Pipa lile lina kasoro."

"Kasoro gani?"

Hapo ilibidi afikiri. Kasoro ndogo isingemzuia kufua. Kasoro kubwa ingemfanya aite askari. "Limewekwa... limechujwa mara moja badala ya mbili. Kuna nguo linaweza kuzichukia. Hasa za kijivu."

"Za kijivu tu?"

"Hasa zenye kifungo cha kahawia."

"Haya makubwa," alisema Mama Mikunjo, akitikisa kichwa. "Kumbe mafuta nayo yana macho. Basi chukua pipa lako, nirudishie pesa yangu."

"Nakurudishia sasa hivi."

"Na usumbufu wangu?"

"Na usumbufu wako."

"Na wateja niliowaahidi? Na jina langu nililolitoa kukusifia? Kusifia nako ni kazi, mwanangu. Ona nilivyokauka koo."

Mkemia alitoa pesa aliyolipwa. Akaongeza akiba. Mama Mikunjo alikuwa bado kanyoosha kiganja, anatazama dirishani kama mtu anayesubiri mvua. Mkemia akavua saa ya mkononi, akaiweka juu ya kile kiganja. Kikafumba.

"Umefanya vizuri," alisema mama. "Mtu mwaminifu kama wewe siku hizi ni wa kutafuta kwa tochi. Suti usiwe na shaka, nina mafuta mengine kidogo nimeyaweka akiba, safi kabisa. Nitaisafishia hayo. Njoo Jumamosi asubuhi. Itakuwa inanukia kidogo kwa haraka yako, lakini ukitembea kwenye upepo itaisha."

Mkemia alilipeleka pipa uani kwa dada yake. Hakulifungua. Alifungue la nini? Kilichomo alikitia mwenyewe.

Jumamosi suti ilikuwa nzuri kuliko siku iliyonunuliwa. Doa hakuna, mkunjo umesimama, harufu ya mafuta bado inamfuata kwa mbali. Lakini mfukoni mlikuwa na upepo, na kwenda ukweni mikono mitupu hakuwezekani. Mkemia alisimama uani akiwaza, macho yakaangukia kwenye pipa.

Mzee Randa ni seremala, alijiambia. Anapaka vanishi kila siku. Tapentaini kwake ni kama sukari nyumbani. Na pale juu pana shibiri nzima, mzee atachota kidogo kidogo, mwezi, miezi. Mpaka afikie maji, mimi ni mkwe, na mkwe harudishwi.

Ningependa kuwaambia kwamba alisita. Alisita, ndiyo, kiasi cha mtu anayetafuta mwenye mkokoteni.

Karakana ya Mzee Randa ilikuwa imejaa viti vya zamani vya ukumbi fulani, vimepangwa mpaka darini, kila kimoja kina nta ya miaka juu yake. Mzee alikuwa anamalizia kupaka mlango vanishi. Alimtazama Mkemia kuanzia viatu, akapanda taratibu, akapita suruali, akapita koti, akafika kwenye kile kifungo cha kahawia, akasimama hapo kidogo, kisha akaendelea. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono magotini.

"Suti imetunzwa," alisema mzee.

Mkemia akakaa, lakini kwanza akakipapasa kiti, akakigeuza, akatazama maungio yake. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwalimu akatabasamu, na Mkemia akajisikia vibaya kwa furaha.

"Na hilo pipa?"

"Zawadi yako, mzee. Tapentaini. Halisi."

Uso wa Mzee Randa ulibadilika wote. "Pipa zima? Unaviona viti hivi? Nta hii inataka tapentaini tu, nami nimekosa hata kikombe. Kijana, umenitoa mbali!" Akanyanyuka na brashi yake ya vanishi, ile nzuri asiyomwazima mtu, akafungua kifuniko, akaichovya.

Akaizungusha. Akaitoa. Vanishi ilikuwa imeganda kwenye nywele za brashi madonge madonge, inadondosha maji. Akaichovya tena. Akachota kwa kiganja, akanusa. Akaweka ulimini.

"Haya ni maji," alisema Mzee Randa.

Mkemia akainuka, akachota mwenyewe kutoka juu kabisa, pale alipojua pana shibiri yake. Maji. Akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Maji.

Ndipo akanusa mkono wa koti lake, akakumbuka mafuta "mengine kidogo" ya Mama Mikunjo, akaelewa yalikotoka.

Maana kila pipa jipya likifika, Mama Mikunjo hutia mpira wa pampu mpaka chini kabisa, avute kwanza kilichokaa huko. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake: maji ni adui wa sufu, na maji hukaa chini. Siku ile alivuta ndoo ya kwanza, maji. Ya pili, maji. Hakupiga kelele. Alichukua upawa akaikomba shibiri yote ya juu, akaihifadhi, akarudisha maji ndoo kwa ndoo mpaka pipa likajaa, akafunga, likae tayari kama mwenyewe atatokea. Lakini hakutegemea huyu kijana arudi, akawa anajilaani kwa tamaa yake. Kisha muuguzi mmoja mwenye huruma akaingia na suti ya kijivu yenye kifungo cha kahawia.

"Kijana," alisema Mzee Randa, bado kashika brashi. "Hapa pana njia mbili. Ama wewe umeuziwa maji ukadhani tapentaini, basi ni mjinga. Ama umeniletea maji ukijua, basi ni mwizi. Niambie binti yangu anaombwa na yupi, ili nijue jibu."

Mkemia alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga kama kawaida: kiwanda, kasoro, mchukuzi wa mkokoteni. Angeweza kumlaumu mchukuzi. Akageuka, akamwona Mwalimu anamtazama kwa lile jicho lake, anasubiri amalize. Na akaona kwamba safari hii akilianza, ndiyo basi, amempoteza.

"Wote wawili, mzee," alisema. "Nililijaza maji mwenyewe, nikamuuzia mtu. Halafu nikalinunua tena kwa pesa yangu yote na saa yangu. Na maabara sina. Ofisi sina. Hiki cha kahawia si mtindo, cheusi kilipotea, sikupata kingine."

Mzee Randa aliiweka brashi chini polepole, ikabaki imesimama wima kwa ugumu wake.

"Ulilinunua tena pipa la maji," alisema.

"Ndiyo mzee."

"Ulilolijaza wewe."

"Ndiyo mzee."

Mzee Randa akageukia ukuta, mabega yakawa yanamtikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa mkavu kabisa. Akachukua kisu cha kukwangulia, akampa.

"Vua koti. Viti vyote hivyo. Kwa tapentaini ilikuwa kazi ya siku chache, kwa kisu sijui utamaliza lini. Siku utakayofika kwenye kiti cha mwisho, ndipo tutazungumza habari ya binti yangu. Na yeye akitaka kuzungumza."

Mkemia alivua koti, akatafuta pa kulitundika. Mwalimu akainuka kwenye benchi, akalipokea. Akalinusa kwenye kola, akalinusa kwenye kiwiko, akalikunja vizuri mikononi.

"Baba," alisema, "tulikamue hili kwanza. Huenda likatosha kiti kimoja."